Uliza Mwalimu: Wimbo wa taifa wa Marekani kwa Kiswahili, ni kosa?

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu zimenishangaza, karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na karibu zote zinauliza kitu kilekile, kuimba wimbo wa taifa wa huko kwa lugha isiyo Kiingereza. Nimefundisha kwaya miaka mingi kwa hiyo jambo hili linanigusa kabisa, ndo maana nimeamua ukurasa wote leo uwe wa hilo tu, wale wa maswali ya kinanda na ya kukatika sauti mnivumilie mpaka toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tuko Ohio mwaka wa nne huu. Binti yangu wa darasa la sita anaimba vizuri, mwalimu wake wa muziki amemwomba afungue usiku wa tamaduni hapo shuleni kwa kuimba wimbo wa taifa wa Marekani kwa Kiswahili. Mtoto kafurahi hadi usingizi hapati. Sasa mjomba wake kaja juu, anasema kuuimba kwa lugha nyingine ni kosa kisheria, na hata kama si kosa basi ni dharau kwa nchi iliyotupokea, na sisi karatasi zetu za uraia bado ziko njiani tusijitafutie balaa. Niko katikati. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa binti. Tuanze na hilo la sheria maana ndilo linalokunyima raha. Sheria inayotaja wimbo wa taifa wa Marekani iko kwenye juzuu ya 36 ya sheria zao, kifungu cha 301. Inasema maneno na muziki wa ule wimbo unaoitwa The Star-Spangled Banner ndio wimbo wa taifa, alafu inaeleza watu wasimame vipi ukipigwa, basi. Haisemi uimbwe kwa lugha gani, na haina faini wala kifungo. Najua mjomba atakuambia mbona mwezi Machi 2025 rais Trump alisaini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi, ni kweli alisaini, na kabla ya hapo serikali ya taifa hawakuwahi kuwa na lugha rasmi kabisa, ila ile amri inahusu shughuli za mashirika ya serikali, haimkamati mtoto aliyesimama jukwaani anaimba. Uhuru wa mtu kusema na kuimba unalindwa na katiba yao. Tena mwaka 1943 mahakama yao ya juu iliamua kwenye kesi iliyotoka West Virginia, ya watoto wa Mashahidi wa Yehova, kwamba shule haiwezi kumlazimisha mwanafunzi kupiga saluti kwa bendera. Kama hata kukaa kimya kunalindwa, kuimba kwa upendo kwa lugha ya mama kutakosaje ulinzi?

Kuhusu karatasi: kwenye ile orodha ya maswali 100 ya uraia ya mwaka 2008 kuna swali linalouliza wimbo wa taifa unaitwaje. Jina tu ndo linalotakiwa, hauimbishwi. Kiingereza chenyewe wanakipima kwa kusoma, kuandika na kuongea. Sijaona popote usaili unapogusa mtoto aliimba nini shuleni, lakini mama, mambo ya karatasi zako wewe binafsi muulize mwanasheria wa uhamiaji, usitegemee mwalimu wa kwaya wala mjomba.

Sasa hilo la dharau, hapa nataka mjomba anisikilize vizuri kwa sababu hata mimi zamani niliwaza kama yeye mpaka nilipoifuatilia historia ya wimbo wenyewe. Kwanza hiyo tuni sio ya Marekani. Ilitungwa na Mwingereza, John Stafford Smith, ikawa wimbo wa klabu moja ya mabwana wa London. Francis Scott Key, mwanasheria, alipoandika shairi lake Septemba 1814 alikuwa anaandika kuhusu mabomu ya hao hao Waingereza waliokuwa wanaipiga ngome ya Fort McHenry pale Baltimore usiku kucha, na shairi hilo likaimbwa kwa tuni ya adui. Hakuna aliyeona haya. Ikaja kuwa wimbo rasmi wa taifa mwaka 1931 tu, Machi 3, rais Hoover alipoweka saini, yaani kwa zaidi ya miaka 100 watu waliuimba kwa kupenda tu bila kuamriwa.

Na katika miaka hiyo watu waliuimba kwa lugha zao. Kuna tafsiri ya Kijerumani iliyochapishwa 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza, na wahamiaji wa Kijerumani walikuwa wengi kwenye jeshi la kaskazini. Mwaka 1919 idara ya elimu ya serikali yenyewe, sio wanaharakati, serikali, ilitoa tafsiri ya Kihispania. Mwaka 1943 ikatoka ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki, na kipindi hicho Wayahudi wa Ulaya wanauawa kwa mamilioni, hebu fikiria huyo aliyekuwa New York anaimba kuhusu nchi ya watu huru kwa lugha ambayo kule kwao wasemaji wake wanateketezwa. Hiyo ni dharau? Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, nao wanao kwa Kinavajo, mwanamuziki wao Radmilla Cody ameuimba hivyo kwenye hafla nyingi, na Wanavajo ndio wale ambao lugha yao ilitumiwa na jeshi la Marekani kwa ujumbe wa siri wakati wa vita kuu ya pili.

Ila anayenigusa mimi kuliko wote ni mama mmoja anaitwa Clotilde Arias. Alizaliwa Iquitos, Peru, mwaka 1901, akaja New York 1923 kusomea muziki, akawa anatunga nyimbo za matangazo ya biashara. Mwaka 1945 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikamtafuta, ilikuwa ile enzi ya sera ya ujirani mwema na Amerika ya Kusini aliyoianzisha rais Roosevelt, wakataka tafsiri ya Kihispania ambayo inaimbika kwenye tuni ileile, maana zile za mwanzo maneno yalikuwa hayakai. Wakamlipa dola 150. Akaleta El Pendón Estrellado. Mhamiaji, mwanamke, kapewa na serikali kazi ya kutia wimbo wa taifa kwenye lugha yake, na kaifanya kwa uangalifu mkubwa. Karatasi zake zikaja kuonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mwaka 2012.

Alafu angalia maisha yalivyo, Juni 14, 2025, kwenye uwanja wa baseball wa Dodgers kule Los Angeles, wakati mji uko moto kwa sababu ya kamatakamata ya wahamiaji, msichana mwimbaji anaitwa Nezza anaambiwa na mhusika wa uwanja kwamba wimbo utaimbwa kwa Kiingereza, yeye akapanda akaimba maneno yaleyale ya Arias. Watu wakagawanyika mtandaoni, wapo waliolia wapo waliomtukana. Maneno yaliyoagizwa na serikali na kulipiwa na serikali miaka 80 nyuma.

Kwa hiyo mama mwache mtoto aimbe. Nakuomba kitu kimoja tu, ajue na ya Kiingereza yote kichwani, vizuri, bila kubabaika, ili siku akiulizwa asionekane anaikwepa. Na mjomba mwambie hata Mungu Ibariki Afrika inayoimbwa Tanzania kwa Kiswahili ilianza kama wimbo wa Kixhosa, Enoch Sontonga aliutunga 1897 huko Afrika Kusini. Zambia wameweka maneno ya Kiingereza kwenye tuni hiyohiyo. Nani kamdharau Sontonga hapo?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Naishi Texas, ni raia wa Marekani tangu 2014. Nilijifunza Kiingereza nikiwa nafanya kazi ya usiku, nasoma kwenye basi, na siku ya kiapo niliimba wimbo wa taifa na machozi yakanitoka. Naona watu wanadai kuuimba kila mtu kwa lugha yake, mimi napinga. Wimbo ndio kitu kimoja kilichobaki cha kutuunganisha. Hata rais Bush alisema ni Kiingereza. Tukianza kila kabila na lake, tutaimba pamoja lini?

JIBU: Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na machozi ya siku ile ni halali yako, asikuambie mtu umesahau ulikotoka. Uko sahihi kwenye jambo ambalo watetezi wa tafsiri huwa wanaliruka haraka sana, kwamba wimbo wa taifa hausikilizwi kama wimbo wa redio, ni kitu cha kuimbwa na watu wengi kwa wakati mmoja, pumzi moja. Uwanjani watu elfu hamsini wakiimba lugha kumi tofauti mistari haiishi pamoja, utasikia kelele tu. Kwenye mkusanyiko wa taifa zima Wamarekani wakiimba kwa Kiingereza mimi sioni ubaya wowote.

Sasa tukiangalia hilo la Bush. Ilikuwa Aprili 28, 2006. Kipindi hicho wahamiaji maelfu kwa maelfu wako barabarani kupinga mswada uliopitishwa na baraza la wawakilishi Desemba 2005, ambao ungemfanya mtu asiye na karatasi kuwa mhalifu. Mtayarishaji mmoja Mwingereza, Adam Kidron, akakusanya wasanii wakubwa, Wyclef Jean, Pitbull, Don Omar, Olga Tañón na wengine, wakatoa Nuestro Himno, yaani wimbo huo wa taifa kwa Kihispania. Ndo rais akasema anaona wimbo wa taifa uimbwe kwa Kiingereza na wanaotaka uraia wajifunze Kiingereza na wajifunze kuuimba kwa Kiingereza, na kwenye seneti Lamar Alexander akaleta azimio la kusisitiza hivyo hivyo. Lakini kaka kuna vitu viwili hapo watu wanavichanganya hadi leo. Nuestro Himno haikuwa tafsiri safi, mistari mingine iliandikwa upya ikabeba ujumbe wa maandamano. Mimi nikiwa mwalimu wa muziki nasema wazi, hapo waliolalamika walikuwa na hoja, ukibadilisha maana ya wimbo wa taifa umetunga wimbo mwingine, ni haki yako kuutunga ila usishangae mwenye wimbo akikasirika. Ya Clotilde Arias sio hivyo, yeye alifuata maana. Na wakati rais anasema vile, tovuti ya wizara yake mwenyewe ya mambo ya nje ilikuwa imeweka tafsiri za Kihispania za wimbo huo na hakuna aliyeziona kuwa tatizo mpaka siku hiyo.

Zipo nchi zinazokuunga mkono, tena kwa sheria. Singapore wimbo wao ni wa Kimalei, na wananchi wengi pale nyumbani wanaongea Kiingereza au Kichina, ila kanuni inakataza kuimba tafsiri, ni Kimalei tu. Ufilipino sheria ya mwaka 1998 inasema uimbwe kwa lugha ya taifa, ndani na nje ya nchi, na anayevunja sheria hiyo kuna faini na hata kifungo. Lakini angalia kwanini. Wafilipino wimbo wao ulianza na maneno ya Kihispania, shairi la José Palma la 1899, wakaja Wamarekani ukaimbwa kwa Kiingereza, ndipo baadaye wakaurudisha kwenye lugha yao. Wao wanailinda lugha iliyokandamizwa. Kiingereza kule Texas hakijakandamizwa na mtu, kaka.

Mfano ninaopenda kuutoa ni New Zealand. Mwaka 1999 kombe la dunia la raga, Twickenham, London, mwanamama Hinewehi Mohi akasimama kuimba wimbo wao, akauimba kwa Kimaori peke yake, lugha ya wenyeji wa asili wa huko. Tafsiri hiyo ilikuwepo tangu 1878! Lakini nyumbani watu waliwaka, simu redioni hazikukauka, alishambuliwa sana yule dada. Na unajua kilichofuata? Ikawa desturi, leo wanaimba ubeti wa Kimaori kwanza alafu wa Kiingereza, timu nzima ya raga wanaimba vyote viwili, watoto wa kizungu wanaimba Kimaori bila karatasi. Hawajagawanyika, kila mmoja ameongeza lugha ya mwenzake mdomoni. Afrika Kusini ndo usiseme, tangu 1997 wimbo mmoja una Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikana na Kiingereza, na ukiuimba wote maana yake dakika hiyo umeisema lugha ya mtu uliyekuwa unapigana naye.

Ireland nao, huu mfano watu wengi hawaujui, wimbo wao wa taifa uliandikwa kwa Kiingereza, na Peadar Kearney, tafsiri ya Kiayalandi ikaja kutoka 1923 kwa mkono wa Liam Ó Rinn, na leo ukienda uwanjani utasikia tafsiri, ya Kiingereza karibu imesahaulika. Canada wao wimbo ulianza kwa Kifaransa mwaka 1880 na maneno ya Kiingereza ya Robert Stanley Weir ya 1908 wala sio tafsiri, yanasema mambo mengine kabisa, na nchi haijavunjika.

Kinachovunja ni kukataza, mimi naona hivyo. Sri Lanka mwaka 2016 kwenye sikukuu ya uhuru wimbo uliimbwa kwa Kitamil pia, lugha ya watu walio wachache pale, mara ya kwanza kwenye sherehe hiyo tangu 1949, baada ya vita vya miaka karibu 26, na Watamil waliposikia hilo wapo waliolia. 2020 serikali mpya ikauondoa. Maneno yanasema mambo yaleyale, tuni ileile, ila mtu ameambiwa lugha yako isisikike hapa. Jiulize kaka, wewe ungeambiwa hivyo siku ile ya kiapo machozi yangekuwa ya namna gani?

SWALI: Mwalimu sisi ni kwaya ya vijana, tumeombwa tuimbe huo wimbo wa Marekani kwa Kiswahili, tumejaribu kutafsiri lakini maneno hayakai kwenye tuni. Tunaishia kukimbiza silabi kama treni. Tunakosea wapi?

JIBU: Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri! Mnakosea pale mnapoanza na kamusi. Wengi wanachukua mstari, wanatafsiri neno kwa neno, alafu wanalazimisha. Fungeni kamusi kwanza, mjue hadithi. Key yuko kwenye meli, yuko chini ya ulinzi wa Waingereza, usiku mzima wanaipiga ngome, mashambulizi yalichukua kama saa 25, na yeye haoni kitu isipokuwa mwanga wa mabomu, kunapokucha anatafuta kwa macho bendera bado ipo au imeshushwa. Kwa hiyo ubeti wa kwanza, huo unaoimbwa na watu, ni SWALI. Unaanza kwa kuuliza na unaisha kwa kuuliza. Tafsiri nyingi nilizoletewa na wanakwaya zinautangaza kama habari, bendera yetu inapepea, hoyee. Hapana. Ukipoteza wasiwasi wa yule mtu umepoteza wimbo.

Sasa mizani. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja na mistari ya huu wimbo inaishia kwenye silabi nzito, neno la mwisho linakalia noti ndefu. Kiswahili chetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, kwa hiyo mkiweka silabi ya mwisho kwenye ile noti ndefu mtasikika mnasema waonaaa, mkazo umekaa kwa NA, na hakuna Mswahili anayeongea hivyo. Dawa yake ni kuikata ile noti ndefu vipande viwili, silabi yenye mkazo ikae kwenye pigo kubwa, ya mwisho ishuke taratibu nyuma yake.

Jaribuni huu wangu wa mstari wa kwanza, nimeuhangaikia jioni nzima: "Hebu sema, waona". Hesabuni, he-bu-se-ma-wa-o-na, saba. He na bu zinakaa kwenye zile noti mbili za mwanzo zinazoshuka kabla ya pigo, SE inaangukia pigo la kwanza, na ndipo mkazo wa neno sema ulipo, ma na wa zinapanda, O inakalia noti ndefu, na NA inamalizia. Hakuna kilicholazimishwa. Kinachofuata: "kwenye nuru ya jua", saba tena, NU kwenye pigo na JU kwenye noti ndefu. Najua mtu ataniambia jua halijachomoza, shairi linasema mapambazuko, ni kweli kabisa na linaniuma, nilijaribu "ya kucha" ikakaa vizuri sana kwenye tuni, ila nikamwimbia mtoto wa jirani akaangalia vidole vyake. Alfajiri lina silabi nyingi, linabomoa mstari. Mwenye neno bora aniandikie, nalipokea kwa mikono miwili.

Kule mwishoni angalieni neno nchi. Ile N ni silabi peke yake na ndo inayobeba mkazo, mkiiweka kwenye pigo kubwa kwaya nzima itabaki inanguruma puani. Tumieni ardhi, linafungua mdomo. Mimi nimeweka "kwenye ardhi ya huru, ndiko kwao jasiri", saba kwa saba. Mashujaa ni neno zuri kuliko jasiri, nakubali, ila ni refu, litawarudisha kwenye treni. Na kwa kuwa ni swali, waimbaji wasipige ile noti ya mwisho kwa kifua kama wanafunga mkutano, waiache ielee kidogo.

Kingine, tuni yenyewe ni pana, oktavu moja na nusu kuanzia chini mpaka juu, ndo maana hata wasanii wakubwa wanapasuka. Anzeni chini kuliko mnavyodhani. Kama soprano wenu anaanza noti ya kwanza kwa raha basi mmeanza juu, kwa sababu ile HU ya huru inaangukia noti ya juu kabisa ya wimbo, na irabu U inafunga koo, kwenye mazoezi waimbe kama wanataka kusema O mdomo uwe mviringo mkubwa, hadhira itasikia U yenyewe.

SWALI: Ukiimbwa kwa Kiswahili, tusimame na kuweka mkono kifuani au hiyo ni kwa Kiingereza tu?

JIBU: Simameni. Kifungu kilekile nilichotaja juu kinasema watu wasimame wima wakielekea bendera, mkono wa kulia juu ya moyo, wanaume wenye kofia wavue, na kama bendera haipo waelekee muziki unakotoka. Ni utaratibu wa heshima, hakuna adhabu. Wimbo ni uleule, kwa hiyo na heshima iwe ileile.

SWALI: Mwalimu, mwanangu ni kiziwi, kwenye kwaya ya kanisa letu huku Minnesota wanataka aonyeshe wimbo wa taifa kwa lugha ya ishara wenzake wakiimba. Wengine wanaona ni mapambo tu. Wewe unasemaje?

JIBU: Mama au baba, barua haisemi, lugha ya ishara ni lugha kamili ina sarufi yake, na lugha ya ishara ya Marekani sio Kiingereza cha mikono. Kwa hiyo mwanao anafanya kazi ileile ya Clotilde Arias. Kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, wimbo umekuwa ukionyeshwa kwa ishara kwa miaka mingi, mwigizaji Marlee Matlin aliufanya 1993 akiwa na Garth Brooks. Mwaka 2020 msanii kiziwi Christine Sun Kim aliufanya, na baadaye akaandika kwa uchungu kwamba kamera ilimwonyesha sekunde chache tu alafu ikahama, na viziwi waliokuwa wanamtazama nyumbani wakabaki hawana wimbo.

Hapo ndo mahali pa kushikilia. Waambieni wapangaji mtoto asisimamishwe pembeni karibu na pazia. Akae mbele, katikati, taa imwangazie mikono na uso maana uso nao unaongea, avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake ili vidole vionekane, na anayepiga video kwa simu ambakize kwenye picha mwanzo hadi mwisho. Na mwenye kuongoza kwaya amtazame yeye, amsubiri amalize mstari ndipo waanze unaofuata.